Jimmie Rodgers: mtu wa reli aliyeimba miaka isiyotimia sita, jina lake likafika mpaka Kapkatet

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi mrefu humu wa muziki wa kantri. Nilisoma kurasa zote. Watu walianzia kwa Jim Reeves, wakapita kwa Kenny Rogers na Dolly Parton, mjadala ukaishia hapo. Sina neno na hao. Jim Reeves ameimba sana nyumbani kwetu Voi Jumapili jioni, mama akipiga pasi sare zetu za shule. Ila nilikuwa nangoja atajwe mtu mmoja aliyewafyekea njia wote hao, na hakutajwa. Anaitwa Jimmie Rodgers. Tafadhali msimchanganye na Jimmie Rodgers mwingine aliyevuma mwaka 1957 kwa wimbo wa "Honeycomb". Huyo ni mtu mwingine kabisa, na mtandaoni wanachanganywa kila siku.

Mimi ni mtoto wa kota za reli, baba alistaafu akiwa gadi wa treni. Labda ndiyo maana maisha ya mtu huyu hayanitoki.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Mji anaohesabiwa nao ni Meridian, Mississippi, ingawa watu wa Geiger, upande wa Alabama, nao wanamdai. Baba yake, Aaron, alikuwa mnyapara wa genge la reli la kampuni ya Mobile and Ohio. Mama alifariki Jimmie akiwa bado mdogo, kwa hiyo alilelewa huku na kule kwa ndugu, na wakati mwingine akamfuata baba kazini. Alipofika miaka 13 hivi alishinda shindano la vipaji mjini, akatoroka na kundi la wauza dawa, wale waliokuwa wakizunguka na wanamuziki ili watu wakusanyike wauziwe chupa. Baba akamfuata, akamrudisha nyumbani, akampa kazi ya kubebea genge maji ya kunywa.

Hapo kwenye ndoo ya maji naomba tukae kidogo. Genge la reli Kusini mwa Marekani enzi zile lilikuwa la watu weusi. Wanapigilia misumari kwenye mataruma, wanasogeza chuma kwa mitaimbo, na kazi yote inakwenda kwa wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, mitaimbo inashuka pamoja. Aliyewahi kuona genge la kwetu likinyoosha reli anaelewa nisemacho. Reli haisogei kwa nguvu ya mtu mmoja mmoja, inasogea pale watu ishirini wanapovuta pumzi kwa wakati mmoja. Sasa weka hapo mtoto wa Kizungu mwenye ndoo na kata, anapita kwa kila mtu, anasikia kila mstari, siku nzima. Blues, muziki wa majonzi wa watu weusi, aliiokota pale. Hata mishiko yake ya kwanza ya banjo na gitaa husimuliwa kuwa aliipata kwa watu hao.

Baadaye akawa mtu wa breki kwenye treni za New Orleans and Northeastern. Kazi hiyo ni kufunga na kufungua mabehewa, kugeuza njia za reli, kukimbia na taa usiku kando ya treni ya mizigo, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 1924 madaktari wakamwambia ana kifua kikuu. Dawa haikuwepo. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943. Tiba ya wakati wake ilikuwa kulala, kula vizuri kama unacho, na hewa safi. Na yeye alikuwa na mke, Carrie, waliyeoana mwaka 1920, ana binti mmoja, Anita, na mtoto mwingine mchanga walishamzika mwaka 1923.

Mtu wa kifua hawezi kazi ya breki. Alijaribu kazi hii na ile, mwili ukakataa. Ndiyo maana nasema hakuingia kwenye muziki akitafuta jina. Aliingia kwa sababu kuimba ndiyo kazi iliyokuwa imebaki ambayo mapafu yake yangeiweza. Naombeni mlishike hilo, nitarudi nalo.

Naendelea baada ya chakula.

Mdau wa Dodoma

Tiririka mkuu, nimekaa mbele kabisa. Ila nisaidie: nimewahi kusoma kwamba kantri ilizaliwa Bristol mwaka 1927, na huyu ndiye wa kwanza kurekodi. Ni kweli?

Mkusanya santuri

Kwa hisani ya mleta uzi, hapo naomba niingie, maana kauli hiyo inarudiwa sana na si sahihi.

Mpiga fidla Eck Robertson wa Texas aliirekodia kampuni ya santuri ya Victor mwaka 1922. Mwaka uliofuata, Juni 1923, mzee aliyejulikana kama Fiddlin' John Carson alirekodiwa Atlanta na kampuni ya OKeh. Sahani zake ziliuzika kuliko walivyotegemea, na hapo ndipo wenye kampuni walipogundua kwamba watu wa mashambani nao wananunua santuri wakisikia sauti zinazofanana na zao. Kisha Vernon Dalhart, mtu wa Texas aliyesomea uimbaji wa opera, mwaka 1924 akarekodi "The Prisoner's Song" pamoja na wimbo wa ajali ya treni, na mauzo yakawa makubwa mno.

Kwa hiyo Rodgers alikuta shamba limeshalimwa. Alichofanya ni kikubwa kwa namna nyingine: kabla yake wengi walikuwa wakirekodi nyimbo za mababu. Yeye alisimama kama mtu, mwenye jina lake na maisha yake, na watu wakanunua sahani kwa sababu ya mtu huyo.

Mleta uzi

Asante sana Mkusanya santuri, umenipunguzia kazi. Na tuongeze kwamba aliyemrekodi Carson mwaka 1923 ni Ralph Peer, na ndiye huyohuyo aliyekwenda Bristol miaka minne baadaye akiwa na Victor.

Sasa Bristol. Ni mji uliokaa juu ya mpaka. Barabara kuu yake, State Street, upande mmoja ni Tennessee na upande wa pili ni Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927 Peer alifika na mafundi wake na mashine, wakapanga ghorofa ya jengo lililokuwa la kampuni ya kofia, wakatundika mablanketi ukutani kuua mwangwi. Gazeti la mjini likaandika kwamba mwanamuziki Ernest Stoneman alikuwa amepata dola 3,600 mwaka uliotangulia kwa kurekodi tu. Mnaweza kufikiria habari kama hiyo milimani, kwa wakulima na watu wa viwandani. Watu walishuka na fidla zao kwa treni, kwa magari ya farasi, kwa miguu. Hadi Peer anafunga mashine, vikundi na waimbaji 19 walikuwa wameingia, nyimbo 76 zimechorwa kwenye nta.

Familia ya Carter, kikundi cha waimbaji, waliingia tarehe 1 na 2 Agosti. Rodgers aliingia tarehe 4. Alikuwa ametoka Asheville na kikundi alichokuwa akiimba nacho redioni, na usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana: sahani iandikwe jina la nani? Wakaachana. Wenzake wakarekodi kivyao, yeye akaingia peke yake na gitaa. Akaimba "The Soldier's Sweetheart", wimbo wa msichana ambaye mchumba wake hakurudi vitani, kisha "Sleep, Baby, Sleep", wimbo wa kubembeleza mtoto, na ndani yake akayodeli.

Kuyodeli ni kule kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani kwenda juu kichwani na kuirudisha, na pale inapovunjika njiani ndipo penye utamu. Waswisi na Waaustria wanajulikana nayo, na majukwaani Marekani ilikuwepo kabla yake. Yeye aliiweka ndani ya blues, mwisho wa ubeti, mahali ambapo mwimbaji wa blues angeliacha gitaa lijibu. Badala ya gitaa, koo lake likawa linajibu.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo langu. Sauti ya Rodgers ilikuwa ndogo. Nyembamba, ya puani kidogo, sauti ya mtu anayekuhadithia mkiwa mmekaa ngazini. Hadi mwaka 1924 kurekodi kulikuwa ni kuimba ndani ya pembe kubwa kama tarumbeta, na mtindo huo ulimtaka mwimbaji apige kelele ili sindano itikisike. Mtu mwenye mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu asingeliweza kudumu mbele ya pembe ile. Mwaka 1925 maikrofoni ikaingia kwenye studio za Victor. Ghafla mtu aliweza kuimba taratibu, karibu, akapumua pale anapotaka, na kila kitu kikashikwa. Mgonjwa akapata kazi. Watu wanamsifu Peer kwa kumgundua, na sawa, lakini mimi naona fundi aliyeibeba ile mashine ngazini Bristol anastahili shukrani nusu kwa nusu.

Mdau wa Dodoma

Hili la maikrofoni sijawahi kulifikiria kabisa. Endelea.

Mleta uzi

Sahani ya kwanza ilitoka Oktoba 1927 na haikuuza sana. Mwingine angelirudi nyumbani kungoja barua. Yeye Novemba akapanda kwenda New York bila kuitwa, akachukua chumba hotelini, akampigia Peer simu kwamba amefika na yuko tayari kurekodi tena. Tarehe 30 Novemba wakaingia studio ya Camden, New Jersey, na kati ya nyimbo za siku hiyo ulikuwemo mmoja ulioandikwa kwenye lebo "Blue Yodel". Ulitoka mapema mwaka 1928. Sahani ya Victor ilikuwa senti 75, na ile iliuza laki kwa laki. Baada ya hapo kampuni ilitaka nyingine, na nyingine, mpaka zikafika "Blue Yodel" 12 zenye namba na moja ya mwisho yenye jina lake.

Kuhusu pesa za Peer lazima niseme, maana humu kuna vijana wanasaini mikataba bila kusoma. Peer aliujenga utajiri wake kwenye haki za utunzi. Mwaka 1928 alifungua kampuni ya kuchapisha nyimbo, na kwa hiyo alitaka msanii alete wimbo mpya usio na mwenyewe, auandikishe. Rodgers alilipwa sehemu yake, na kwa viwango vya wanamuziki wa mashambani alipata fedha nzuri. Lakini kiu ya nyimbo mpya haikumpa nafasi ya kupumua. Aliyemwokoa ni shemeji yake, Elsie McWilliams, dada wa Carrie, mpiga piano. Rodgers hakujua kusoma noti. Elsie akawa anatunga, anamwimbia, naye anashika kwa sikio. Nyimbo nyingi tunazomsifia yeye, mkono wa huyo mama umo ndani, na katika baadhi yake jina lake halikuwekwa.

Mchangiaji wa Nairobi

Uzi mzuri ndugu, lakini naomba tuseme ukweli wote. Wewe mwenyewe umesema blues aliokota kwa genge la watu weusi. Wao walibaki na mitaimbo, yeye akajengewa nyumba. Kisha akaitwa baba wa kantri, na kantri ikawa muziki wa wazungu. Kwa nini tusiite wizi?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Deni lipo. Wale watu wa genge hakuna aliyewaandika majina, na hakuna senti ya "Blue Yodel" iliyorudi kwao. Tena kampuni ziliugawa muziki kwa rangi makusudi: daftari moja la sahani za watu weusi, jingine la wazungu wa mashambani, hata pale nyimbo zilipokuwa ndugu wa tumbo moja. Aliyekaa upande unaolipwa vizuri alifaidi ukuta ule, na Rodgers alikaa upande huo.

Lakini sikiliza na hili. Tarehe 16 Julai 1930, Hollywood, alirekodi "Blue Yodel No. 9". Tarumbeta ni ya Louis Armstrong, yule gwiji wa jazi, piano ni ya Lil Hardin Armstrong, mkewe. Mzungu wa Mississippi na Mweusi wa New Orleans ndani ya chumba kimoja, mwaka 1930. Ukisikiliza, Armstrong hapambi pembeni. Anajibizana na sauti kila mstari kama genge linavyomjibu mwanzishaji, na Rodgers anayumba kwenye mapigo, anaongeza na kupunguza anavyotaka, Armstrong anamngoja bila kumwacha. Lebo ya sahani haikutaja Armstrong hata kidogo. Miaka 40 baadaye, mwaka 1970, Armstrong alipanda kwenye kipindi cha televisheni cha mwimbaji wa kantri Johnny Cash wakaupiga wimbo uleule pamoja, ili watu wajue tarumbeta ile ilikuwa ya nani.

Mwaka 1931, Louisville, alirekodi pia na bendi ya watu weusi waliokuwa wakipuliza magudulia. Na upande wa pili, Howlin' Wolf, simba wa blues wa Mississippi, alisema mwenyewe kwamba alipenda kuyodeli kama Rodgers, koo likakataa, ndipo akageukia ule mlio wake wa mbwa mwitu. Kwa hiyo maji yalipita pande zote mbili za ukuta. Malipo ndiyo yaliyopita upande mmoja. Mimi nalaumu hilo kwa sauti, na bado naupenda wimbo.

Mchangiaji wa Nairobi

Hapo tumeelewana. Nimeisikiliza hiyo namba 9 sasa hivi mara mbili. Tarumbeta ile haina mpinzani.

Nesi wa Mwanza

Nimefanya kazi wodi ya kifua miaka mingi, naomba kuongeza la upande wangu.

Kifua kikuu kisichotibiwa kinachimba mashimo kwenye mapafu. Mgonjwa anakonda, anatoka jasho usiku, anakohoa, pumzi inakuwa fupi. Shimo likifika kwenye mshipa wa damu ndipo anapokohoa damu, na damu hiyo inaweza kummaliza mtu kwa dakika chache. Sasa mtu wa namna hiyo kusimama jukwaani usiku, kusafiri, kulala popote, kuimba kwa kurusha sauti... Nimemsikiliza kwa sikio la kazi. Mistari yake ni mifupi. Anaimba kidogo, gitaa linatembea, anaimba tena. Sisemi kwamba alipanga hivyo, nasema mwenye pumzi fupi angepanga hivyohivyo.

Halafu kuna aibu. Hata leo mtu anaficha karatasi yake ya TB kwa majirani. Huyu aliimba?

Mleta uzi

Aliimba, dada yangu, na ahsante kwa kuliuliza. Januari 1931, San Antonio, alirekodi "T.B. Blues". Ugonjwa wenyewe kwa jina lake, na kaburi analiona. Mwaka uliofuata akarekodi mwingine, "Whippin' That Old T.B.", akijitia moyo kwamba ataushinda. Wakati ambao wagonjwa walikuwa wakifichwa vyumba vya nyuma, yeye aliuweka ugonjwa wake kwenye sahani, ukauzwa madukani pamoja na unga na mafuta ya taa. Naamini wapo waliokohoa majumbani mwao wakasikia kwamba hawako peke yao.

Turudi kidogo. Mwaka 1929 alijenga jumba Kerrville, Texas, mji wa vilima ambao wagonjwa wa kifua walikuwa wakiukimbilia kwa hewa yake. Mwaka huohuo aliigiza kwenye filamu fupi ya dakika chache, na hiyo naomba kila mtu aitazame, maana ndiyo picha yake pekee inayotembea inayojulikana. Amevaa ovaroli na kofia ya reli, yuko kwenye mgahawa wa stesheni, mwembamba, masikio yamesimama. Anaanza kwa kuiga honi ya treni kwa mdomo, mlio wa mbali unaokuja, kisha anaingia "Waiting for a Train": mtu asiye na nauli anashushwa kwenye treni katikati ya Texas, mbali na kwao. Wimbo ule aliurekodi Atlanta Oktoba 1928 na wapigaji wa jazi, koneti na klarineti. Kinachonichoma ni kwamba anayemshusha huyo maskini ni mtu wa breki, na Rodgers ndiye alikuwa mtu wa breki. Anaimba upande wa yule aliyeshushwa.

Na gitaa lake. Ni la kampuni ya Martin, alitengenezewa maalum, jina lake limepachikwa kwenye shingo kwa gamba la chaza linalong'aa. Mgongoni ameandika neno la Kiingereza la asante, herufi kubwa, kichwa chini. Mwisho wa onyesho anachofanya ni kulipindua gitaa, na ukumbi mzima unalisoma. Baada ya kifo chake Carrie alilikabidhi kwa mwimbaji wa kantri Ernest Tubb, akalipiga miaka mingi.

Mdororo wa uchumi ulikausha mifuko ya wanunuzi wake, wakulima na watu wa viwandani. Mwaka 1931 ukame ulipopiga Texas na Oklahoma alizunguka na mchekeshaji Will Rogers kuchangisha fedha za misaada, na yeye mwenyewe alikuwa akitumia dawa za kutuliza ili asimame. Mwaka 1932 jumba la Kerrville likauzwa, wakahamia nyumba ndogo San Antonio.

Mei 1933 akaenda New York kwa meli, na nesi pembeni yake. Alijua hali yake. Alikuwa akiitafutia familia nyimbo za kuendelea kulipwa akishaondoka. Waliingia studio tarehe 17, 18, 20 na 24. Walimwekea kitanda cha kukunja chumba cha jirani. Anaimba wimbo mmoja, anasaidiwa kwenda kulala, wapigaji wanangoja, anaamka, anaimba mwingine. Nyimbo 12 kwa namna hiyo. Wa mwisho kabisa, tarehe 24, "Years Ago", aliimba na gitaa lake tu, kama alivyoingia Bristol.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei damu ilimtoka, akafariki kwenye hoteli ya Taft. Miaka 35. Nesi wetu hapo juu ameshaeleza ilivyokuwa. Maiti ilirudishwa Meridian kwa treni, na husimuliwa kwamba dereva alivuta honi kwa mlio mrefu wa chini kwa chini wakati wote wa kuingia stesheni. Mwaka 1961 jumba la heshima la kantri lilipoanzishwa Nashville, yeye, Hank Williams na Fred Rose ndio watatu wa kwanza kuingizwa.

Baba alipostaafu, siku ya safari yake ya mwisho dereva wake alimpigia honi kuanzia alama ya nje mpaka jukwaani. Nilikuwa darasa la saba. Kwa hiyo habari ya honi ya Meridian nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini.

Mwana wa Kericho

Mkuu, pole na hongera kwa mzee. Mimi nimengoja kichwa cha uzi kitimie, kwa sababu umeandika Kapkatet, na Kapkatet ni kwetu.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mtafiti aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo unaoitwa "Chemirocha". Kinapigwa chepkong, chombo cha nyuzi jamii ya nyatiti, na sauti zao zinapanda na kushuka taratibu kama mtu anayebembea. Tracey akaandika kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Kilugha chetu hakitenganishi "j" na "ch" wala "g" na "k" kama Kiswahili, kwa hiyo litamke jina hilo kwa ulimi wa Kikipsigis, Chemi Rocha, utasikia mwenyewe. Sahani zake zilifika na gramafoni za wageni, na watu wakamfanya kiumbe: nusu mtu, nusu swala. Wasichana wanamkaribisha aje acheze mpaka nguo zimdondoke. Wanaume nao walirekodi nyimbo zao zenye jina hilo, na kwao neno lilishakuwa la kitu chochote kigeni na kipya.

Ninachoomba ni kimoja. Mitandaoni wanaandika kwamba Wakipsigis "walimwabudu". Hapana. Usikilize wimbo. Ni wasichana wanataniana, wanamwalika mgeni wa ajabu uwanjani wamwone anavyocheza. Kutunga kiumbe kutokana na sauti iliyotoka ndani ya sanduku ni ufundi wa watunzi, na watunzi hao walikuwa wasichana wadogo.

Mwaka 2015 maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM, Afrika Kusini, ambayo Tracey ndiye aliyeianzisha, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi hizo Kapkatet zikasikilizwa na wenyewe.

Bibi wa Ng'ambo, Unguja

Wanangu, hamjambo. Nasoma tangu jana. Mmetaja mwaka 1928, basi nami niwatilie lenu moja. Machi mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipanda meli na wenziwe kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri zile zina picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Na Victor ya huyo Rodgers wenu ilikuwa na mbwa huyohuyo. Baba yangu hakujua kusoma, na santuri alizitafuta kwa mbwa: akimwona mbwa, ananunua. Alikuwa akizipanguza kwa kanzu kuukuu kabla ya kuweka sindano, na sisi watoto tumekatazwa kukanyaga ubao karibu na meza, sindano isiruke.

Mleta uzi

Shikamoo bibi. Hili la mbwa nimelinakili kwenye daftari.

Mdau mmoja kaniuliza faraghani aanze na wimbo gani. Anza na "Waiting for a Train" ile ya kwenye filamu, umwone uso. Kisha "Blue Yodel No. 9". Kisha "T.B. Blues". Halafu weka "Chemirocha" ya wasichana, zima taa.

Mwana wa Kericho

Nimerudi. Nimepiga simu nyumbani jioni hii, nikamwekea kogo, yaani bibi yangu, wimbo kwenye spika ya simu. Yeye ni wa rika la wale wasichana. Alinyamaza mpaka ukaisha. Kisha akasema niuweke tena, na safari hii akaingia nao kwenye kiitikio, yeye na shangazi aliyekuwa akimshikia simu.